Kigingi cha Saba

...na sasa binti amesimama tena, simu ameinyanyua juu kama anayetaka kuangua tunda, anasema Haloo, fundi, unanisikia, haloo, na fundi ni wazi hamsikii, maana huku msituni mtandao unashika pale unapojisikia, na mimi kimoyomoyo namshukuru Mungu kwa kila hatua ambayo haushiki, namwombea fundi simu yake iishe chaji, itumbukie kwenye ndoo ya gundi, lolote lile, ili mradi asiulize anachotaka kuuliza, naye binti anarudi nyuma hatua mbili, anasogea mbele tatu, ananigeukia, ananiambia kwa midomo tu bila sauti, Samahani, baba mdogo, kama vile ananichelewesha, mimi wa kuchelewa wapi, anayetuchelewesha ni goti langu la kushoto ambalo tangu getini linalalamika, na pale getini ndipo palipo ule ubao mkubwa wa kijani, Mzunguko Rahisi, kilomita tatu, unafaa kwa wazee na watoto, nikamuuliza, sasa mimi wananiweka fungu gani, akacheka, ana kicheko cha baba yake, kile kinachoanzia puani halafu kinamshinda, na kila akicheka hivyo nafurahi kwanza, halafu ndipo naumia, siku zote kwa mpangilio huohuo... rahisi, eti, njia hii mimi niliijua kabla haijawa rahisi, hapa tunapokanyaga changarawe safi ndipo zilipopita reli za toroli, magogo yakishuka, breki zikinuka, na mtu akiteleza wenzake walimwambia inuka upesi usije ukapigwa muhuri kama gogo ukapelekwa kiwandani, leo wameweka daraja lenye vishikio pande zote mbili, wameweka vigingi vyenye namba, cha kwanza, cha pili, na kila kigingi kina kibao cha maelezo kilichoandikwa na mtu ambaye siku za msumeno alikuwa hajazaliwa, kama kile cha kigingi cha nne, Hapa wakataji miti walipumzika na kusimuliana hadithi baada ya kazi, uongo mtupu, pale palikuwa choo, nikamwambia binti hivyo, pale palikuwa choo, na upepo ukigeuka tulikuwa tunahama, mwalimu mzima wa sekondari akalazimika kushika mti kwa kucheka, akafuta machozi, akasema, Baba mdogo, inabidi wewe ndiye uwaandikie hivi vibao, ni wewe tu uliyebaki unayejua ukweli... nikakohoa, nikajifanya natafuta leso.

Eeh, fundi, sasa nakusikia, anasema, na moyo unanishuka mpaka kwenye viatu, ongea, fundi, nakusikia vizuri kabisa... kumbe ni hapa, baada ya kigingi cha sita, njia inapopanda kidogo, hapa ndipo mtandao umeamua kukaa, anatembea polepole sasa, simu sikioni, mkono mwingine ameunyoosha nyuma kwa ajili yangu niushike nikitaka, siutaki, nautaka, nauacha, na maneno yake yananifikia vipande vipande, ubao umekauka eeh, herufi za ukubwa gani, hapana, jina alilokuwa akiitwa ndilo liweke juu, andika Redio, ndiyo, Redio, kama ya kusikiliza, na fundi anacheka huko aliko, kila mtu hucheka akilisikia, tulimpa jina hilo kambini wiki ya kwanza kwa sababu hakuwa na swichi, aliongea akipiga mswaki, aliongea akila, aliongea amelala, sisi tuliolala naye banda moja tunajua mpaka alichokuwa akiota, baba wa huyu anayetembea mbele yangu, mwenzangu wa kazi, mwenzangu wa kila kitu... na benchi ndilo lililotuleta, ofisi ya msitu inawaruhusu watu waweke mabenchi ya kumbukumbu, binti akajaza fomu, akatafuta fundi seremala, akanipigia wiki iliyopita, Baba mdogo, nimepata kibali, benchi la baba na mama, palepale alipofia baba, na kwenye mgongo wa benchi fundi atachonga maneno yake ya mwisho, yale uliyotuletea wewe, nikasema, Vizuri, mwanangu, vizuri sana, nikakata simu, nikaenda kukaa uani na kuku, chakula kikanishinda mchana, kikanishinda jioni... Jumamosi linawekwa, leo Jumatano, fundi ana patasi mkononi na anataka maneno kamili, herufi kwa herufi, anasema akishachonga amechonga, ubao haufutiki, na yuko sahihi, mimi nimekaa na miti maisha yangu yote, ninajua, ulichokikata hakirudi, lakini yale niliyoyasema kwa mdomo nilidhani yatafutika yenyewe, yatachakaa, watu watayasahau, sikufikiria kama ipo siku yatatafutiwa mbao.

Waambie watoto narudi, hayo ndiyo maneno yenyewe, matatu tu, na niliyatunga mimi, nimesimama mlangoni kwa shemeji, mke wa Redio, alasiri ile, kofia ya mumewe mkononi, nimeipigapiga mapajani njia nzima itoke vumbi kana kwamba vumbi ndilo lililokuwa tatizo, naye ametoka uani povu la sabuni mpaka kwenye viwiko, akaitazama kofia, akanitazama mimi, hakupiga kelele, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, nilikuwa nimepanga hata nitamshika vipi asianguke, lakini aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza ni saa ngapi, Alisema nini... na mimi sikuwa na kitu, kichwa kitupu, nyuma ya pazia kitoto cha miaka sita kinachungulia kwa jicho moja, jicho hilihili ambalo sasa linageuka kila baada ya hatua tano kuona kama bado nafuata, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe, ukasema, Amesema, waambie watoto narudi, na shemeji akakaa chini palepale kizingitini, akalirudia, narudi, akasema, narudi, jamani mume wangu, nikaona lile neno linamwingia, linamshika mahali, linamzuia asisambaratike, ningelitoaje tena... nilidhani ni la siku ile tu, la kumvusha mpaka mazishini, kumbe yeye ameliweka la kudumu, alilisema kila mwaka siku ya kumbukumbu, aliwaambia majirani, alimwambia nesi hospitalini mwaka jana pumzi imebaki robo, mume wangu alisema anarudi, nesi akanitazama mimi, nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, alisema, kwa hiyo shemeji yangu amekwenda na uongo wangu mkononi kama tikiti, na kama huko kuna wa kukagua tikiti, basi anajua... na mimi nisivyo na akili nikaongezea chumvi, harusini kwa binti, nimesimama mahali pa mzazi wa kiume, suti ya kuazima, kipaza sauti mkononi, nikasema baba yako alisema, waambie watoto nawapenda, narudi, nawapenda imetoka wapi, sijui, ilitoka kwenye kipaza sauti, ukumbi mzima ukalia, binti akanikumbatia mpaka suti ya watu ikalowa, na sasa yananirudia yote, maana namsikia anamwambia fundi, Ngoja, hapo kuna utata kidogo, mama siku zote alisema narudi tu, ila mzee harusini alisema nawapenda, narudi, ngoja nimuulize mwenyewe, si alikuwepo, na anageuka, kiganja kwenye simu, Baba mdogo, ipi ndiyo yenyewe, fundi anataka kuanza, na mimi nanyoosha kidole juu njiani, nasema, Tufike kwanza pale, mwanangu, nivute pumzi, goti hili, anasema, Haya, pole, taratibu, hakuna haraka, anamwambia fundi mzee anavuta pumzi... muongo na goti lake.

Hatukuwa tunasemezana, ndiyo ukweli wake, na ni mfupi hivyo, siku tatu Redio na mimi hatusemezani, baada ya miaka kumi na mmoja kwenye msumeno mmoja, yeye mpini ule, mimi mpini huu, na msumeno wa watu wawili una adabu yake, unavuta tu, husukumi hata siku moja, ukisukuma unajikunja, unavuta halafu unaachia mwenzako naye avute, na ukikaa nao miaka unajua kwa mkono tu kama mwenzako hakulala, kama ana homa, kama kuna jambo anataka kukwambia, na Redio siku zote alikuwa na jambo... nilimnunia kwa sababu ya mzaha, mzaha wa mezani, kwenye banda la chakula, watu wanalalamika jinsi watoto wao wanavyowakesha wakienda nyumbani mwisho wa mwezi, Redio akanigonga bega akasema, Muulizeni huyu, huyu ndiye anayelala usingizi wa kifalme, nyumbani kwake hakuna wa kumwamsha, banda zima likaangua kicheko, na mimi nikainuka nikaacha sahani... wiki mbili tu kabla ya hapo mke wangu alijifungua mtoto asiye na pumzi, wa kike, nywele tele, tulimzika mimi na mama mkwe na jirani mmoja wa kuchimba, nikarudi kambini, wakaniuliza ulikuwa wapi, nikasema nilikwenda kutengeneza paa, paa, ndivyo nilivyosema, na Redio akanishika na habari za paa, mabati mangapi, umepigilia misumari ya aina gani, umeziba wapi panapovuja, akanipa ushauri wa paa kutwa nzima, masikini ya Mungu, hakujua, nani angemwambia, hata mimi mwenyewe nilikuwa bado sijajiambia, halafu nikamhukumu kwa jambo nililomficha mwenyewe... siku ya kwanza aliniuliza, Kulikoni, mwenzangu, nimekukosea nini, nikamgeuzia mgongo, siku ya pili akaanza kusimulia kile kisa chake cha mbuzi aliyekula barua ya mchumba, kisa kinachonivunja mbavu kila akikisimulia, nikainamia tupa yangu, nikanoa meno ya msumeno kwa fujo mpaka akakiacha katikati, Redio kuacha kisa katikati, sikuwahi kuona, siku ya tatu asubuhi alikuja na chai yangu, kwenye kikombe changu cha bati chenye mpini uliolegea, vijiko vitatu vya sukari, anajua, akakiweka juu ya gogo karibu yangu, akasimama, akangoja, na mimi mbele ya macho yake nikakichukua kile kikombe nikaimwaga chai chini, taratibu, mpaka tone la mwisho, loo, mtu mzima mwenye ndevu, naye akakichukua kikombe, akakifuta kwa shati lake, akakitia mfukoni, tukapanda mlima kimya, wenzetu wakatutania, vipi leo, betri zimeisha... ningemwambia tu, nilifiwa na mtoto, maneno matatu hayohayo, naye angelia, namjua, angelia kuliko mimi, angeweka msumeno chini akalia hadharani bila aibu, na labda na mimi ningelia, labda kazi ingelala siku ile na msimamizi angetufokea wote wawili, na jioni tungekunywa chai.

Kile pale, kigingi cha saba, na nyuma yake kisiki, kimeota kuvu na majani, wamekizungushia kamba ya njano watu wasipande, nilidhani kitakuwa kimekwisha kabisa, miaka thelathini na minne, kumbe nimekwisha mimi zaidi yake, na kibao kinasema, Mti huu ulikuwa na umri wa miaka mia tatu, mkataji mmoja alifariki hapa kwa ajali, haya, hapa hawakugeuza choo kuwa mapumziko, lakini hilo neno kwa ajali walilipata kwangu mimi, msimamizi aliniuliza, kulikuwa na dalili yoyote, nikasema hakukuwa na dalili, akaandika hakukuwa na dalili, nikatia sahihi... upande huu wa karibu ndio uliokuwa wangu, hapa nilipiga goti, hilihili la kushoto, na upande ule wa bondeni ndio wake, na binti amesimama palepale bila kujua, raba zake nyeupe mahali pa buti za baba yake, anasema kwenye simu, Usikate, fundi, tumefika, dakika moja tu... na kambi yetu ilikuwa na sheria moja ambayo hata walevi waliishika, unga, angalia unga wa mbao unaomwagika kutoka kwenye msumeno, ukiwa mweupe mti ni mzima, ukigeuka kahawia mti umeoza ndani, na mti uliooza ndani hauangukii ulikoelekezwa wala saa uliyopangiwa, kwa hiyo wa kwanza kuona unga umegeuka anasema Umeoza, mara moja, kwa sauti, na wote wawili wanaachia msumeno humohumo ndani ya mti na kukimbia, hakuna kuuliza, hakuna kumalizia, neno moja tu, Umeoza, nimewahi kulisema mara kumi, ishirini, naye amewahi kuniambia mara hizo, ndiyo maana tulifika miaka kumi na mmoja... na siku ile tulikuwa tumefika katikati ya mti, jua limeshapanda, na nikaona juu ya goti langu unga unaanguka wa kahawia, laini, una unyevu, kidogo kwanza, halafu wote, niliuona, nikubali hapa japo kwa nafsi yangu, sikuuhisi wala sikuushuku, niliuona, na lile neno lilikuja, lilifika mpaka nyuma ya meno, na mimi nikafikiri, naapa sikufikiri kingine, nikafikiri, aanze yeye... sikumtakia kifo, hata kidogo, nilikuwa tu sitaki sauti yangu iwe ya kwanza, siku tatu nzima nimelinda kimya changu, nije nikivunje mimi, nikasema avute mara hii, atanyanyua macho, akinyanyua macho ataona uso wangu na tutakimbia, akavuta, nikavuta, akavuta, nikavuta, na mara ya tatu akanyanyua macho kweli, Redio, akanitazama usoni, akafungua mdomo, alikuwa na kitu anataka kuniambia, na mti ukalia mara moja, mlio mkavu, ukajizungusha kwenye uozo wake ukaenda upande wa bondeni... nilipomfikia mdomo ulikuwa bado uko wazi, na kikombe changu kimepondeka mfukoni mwake.

Baba mdogo, anasema binti, na sauti imebadilika, amekizunguka kisiki, amechutama, amepitisha mkono chini ya kamba ya njano, ameutia ndani ya kisiki, upande wangu, mkono umezama mpaka kwenye kiwiko, sasa anautoa, vidole vimejaa vumbi la kahawia, anavitazama, anasema, Huu mti mbona umeoza... umeoza, amelisema, hivihivi tu, kwa sauti ya kawaida, mtoto wake, halikumkwama popote, halikuchukua hata nusu ya pumzi, Mungu wangu, neno lenyewe ni dogo hivi, Upande huu wote umeoza, anasema, ulikuwa hivi tangu wakati ule, mlikuwa hamjui... na macho bado ameyainamisha kwenye vidole, anavifuta kwenye suruali, hanitazami, simu ameishika mkono wa pili na kasauti ka fundi kanatoka humo, Haloo, mwalimu, haloo, na mimi nimesimama na goti langu nangoja, nangoja nini, nangoja anyanyue macho, akinyanyua macho ataona uso wangu, ataelewa mwenyewe, atasema yeye, aanze yeye... ala, ndivyo nilivyo hivi, ndivyo nilivyo tangu getini, navuta na kuhesabu, mara ya kwanza kwenye ubao wa kijani, mara ya pili kule chooni tunacheka, mara ya tatu ndiyo hii... na nikimwambia atanichukia, aseme asiseme, mimi mwenyewe ningejichukia, huyu niliyemfundisha baiskeli kwenye uwanja wa shule nikikimbia nyuma yake nimeshika kiti, huyu niliyekwenda kumchukua shuleni alipotapika kwenye mtihani wa darasa la saba, ambaye kwenye simu yake ameniandika Baba, siyo baba mdogo, Baba, niliona mwenyewe alipoiacha mezani nami nikampigia makusudi kuona, anayenipeleka kliniki kila mwezi kwa ajili ya goti na kumkaripia daktari, sina mwingine, mke wangu alikwenda miaka tisa iliyopita na baada ya yule wa nywele tele hatukupata mwingine, basi Jumamosi watakaa kwenye benchi yeye na mumewe na wajukuu wangu wale wadogo, na mimi nitakuwa uani na kuku... na nisipomwambia benchi litakaa hapa, mvua na jua, watu wa mzunguko rahisi watapumzisha migongo yao kwenye uongo wangu, watasoma, watasema, jamani, maskini, na yeye ataleta watoto kila mwaka awasomee, babu alisema, na watakua nalo, watalibeba mpaka hospitalini kwao, na hakuna atakayekuwepo wa kuwaambia kwamba pale palikuwa choo... na hata mdomo ule uliofunguka, huo ndio kitu pekee Redio alichoniachia, jambo ambalo hakulimaliza, nikalifunika kwa maneno yangu mwenyewe kama mtu anayeziba shimo kwa takataka, labda alikuwa amemwona mbuzi, labda alitaka kuuliza habari za paa, labda alikuwa ameuona unga kwenye goti langu na analisema yeye lile neno, kwa ajili yangu, mimi niliyeimwaga chai yake, sitajua, na yeye binti hatajua, lakini angalau tutakuwa wawili tusiojua... sikiliza, goti limenyamaza, ajabu, ndege mmoja tu huko juu na kasauti ka fundi, Haloo, nianze kuchonga au nisubiri, na binti bado ameinama, bado anafuta vidole, hajanyanyua macho, bado hajanyanyua, kabla hajanyanyua, sasa, kabla hajanyanyua, Mwanangu, nasema, na sauti inatoka kubwa kuliko nilivyodhani, mwambie fundi aweke patasi chini, baba yako siku ile hakuniambia kitu, mimi ndiye niliyekuwa na neno la kumwambia, nikakaa nalo.